Sauti Ndani ya Kichwa cha Treni: Udhibiti wa Kidijitali wa Treni za Mfano Ukielezwa kwa Kiswahili

Utangulizi

Ruiri ni mji mdogo wa soko katika eneo la Buuri, kaunti ya Meru, kwenye nyanda zinazoteremka kutoka Mlima Kenya kuelekea Isiolo. Reli haijawahi kufika huko. Iliyo karibu ni ile ya Nanyuki, tawi la reli itokayo Nairobi kupitia Thika, ambalo lilifufuliwa mwaka 2020 baada ya kukaa miaka mingi bila treni za abiria. Mradi wa bandari na njia za uchukuzi kutoka Lamu, uliozinduliwa mwezi Machi 2012, unataja reli ya kupitia Isiolo, lakini reli hiyo haijajengwa. Kwa sababu hiyo, mtoto anayekulia Ruiri huijua treni kwa kuisoma kitabuni au kuiona katika televisheni kabla ya kuisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Kuna njia nyingine ya kuijua treni, nayo ni kuitengeneza. Treni ya mfano ni treni halisi iliyopunguzwa kwa kipimo maalumu na kuendeshwa kwa umeme juu ya reli ndogo. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho, upana wa mita 1 wa reli ya zamani ya Kenya huwa takriban milimita 12, na upana wa milimita 1,435 wa reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kazi mwaka 2017, huwa milimita 16.5. Tangu miaka ya 1990, wapenzi wa treni za mfano wamekuwa wakitia ndani ya vichwa vya treni hizo kijisehemu cha kielektroniki kinachopokea amri za kidijitali na kutoa sauti ya injini, honi, breki na kengele.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kijisehemu hicho kinavyofanya kazi, kinavyofungwa, na kinavyopewa sauti. Yanaelekezwa kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ufundi huu huelezwa kwa Kiingereza na Kijerumani, na ni vyema kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuueleza kwa usahihi unaohitajika na fundi mwenye waya mkononi. Pili, na hii ndiyo hoja kuu ya makala, sauti ya kichwa cha treni ni ujumbe kuhusu kazi ambayo mashine inafanya. Sauti iliyokusanywa kutoka kwa mashine nyingine husema habari ya mashine nyingine. Mtu anayetaka treni ya Kenya isikike kama treni ya Kenya hana budi kwenda kuirekodi, na hiyo ni kazi ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi wamekwisha kufunzwa.

Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia katika ufundi wenyewe, ni muhimu kukubaliana juu ya maneno. Sehemu ya treni inayovuta nyingine huitwa na wasafiri na wafanyakazi wa reli "kichwa cha treni", na hilo ndilo jina litakalotumiwa hapa. Neno "garimoshi" ni zuri na lina historia ndefu, ila limebeba moshi ndani yake, na vichwa vingi vya leo haviendeshwi kwa mvuke. Mabehewa yanabaki mabehewa, na reli inabaki reli.

Ugumu unajitokeza katika jina la kile kijisehemu kinachopokea amri. Baadhi ya watu wangetaka kulitohoa neno la Kiingereza na kusema "dikoda". Hata hivyo, Kiswahili kimekwisha kulijibu swali hili bila kuulizwa na wenye treni. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia ya televisheni mwishoni mwa mwaka 2012, na Kenya ilipofanya hivyo mwaka 2015, kila nyumba yenye televisheni ilihitaji kisanduku cha kuyafasiri mawimbi ya kidijitali. Kisanduku hicho kikaitwa "king'amuzi", kutokana na kitenzi "ng'amua", yaani kutambua jambo lililofichika. Wengine wakakiita "kisimbuzi", kutokana na "simbua", kitenzi chenye uhusiano na neno "msimbo". Majina yote mawili yanafaa. Makala haya yamechagua "king'amuzi" kwa sababu fundi wa televisheni wa Ruiri hahitaji kufafanuliwa neno hilo, na kazi ya kifaa cha treni ni ile ile: kupokea mapigo ya umeme yasiyoeleweka kwa mota na kuyageuza yawe jambo linalotendeka.

Hali Ilivyokuwa Kabla ya Dijitali

Katika mfumo wa zamani, umeme wenyewe ndio uliokuwa amri. Mwendeshaji alikuwa na kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha, na kisanduku hicho kilipeleka kwenye reli umeme wa mkondo mmoja usiobadilika, kuanzia sufuri hadi takriban volti 12. Magurudumu ya kichwa cha treni yaliupokea umeme huo kutoka kwenye reli mbili na kuufikisha moja kwa moja katika mota. Volti zikiongezwa, treni ilikwenda kasi. Zikipunguzwa, ilipunguza mwendo. Ncha za umeme zikibadilishana, treni ilirudi nyuma.

Mfumo huu ulikuwa rahisi lakini ulikuwa na kasoro tatu. Kwanza, vichwa viwili vilivyowekwa juu ya reli moja vilikwenda pamoja na kusimama pamoja, maana vyote vilipokea umeme ule ule. Ili kimoja kisimame na kingine kiendelee, ilibidi reli ikatwe vipande na kila kipande kiwekewe swichi yake. Pili, treni iliposimama taa zake zilizimika, kwa kuwa kusimama kulimaanisha kukosa umeme. Tatu, na hili ndilo linalohusu mada hii, hapakuwa na njia ya kutoa sauti pale treni ilipokuwa imetulia. Kichwa halisi cha treni hakinyamazi kikiwa stesheni. Cha mvuke hupumua na kuchemka, na cha dizeli hunguruma polepole kikisubiri abiria.

Suluhisho lilikuwa kutenganisha nguvu na amri. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mhandisi wa Kijerumani Bernd Lenz alibuni mfumo ambao reli hubeba umeme wa kutosha wakati wote, na amri hupitishwa ndani ya umeme huo huo kwa njia ya mapigo. Katikati ya miaka ya 1990, chama cha Marekani cha wapenzi wa reli ndogo, NMRA, kilichoasisiwa mwaka 1935, kiliuchukua mfumo huo na kuufanya kiwango cha pamoja ambacho hujulikana kwa herufi DCC. Kwa sababu ya kiwango hicho, king'amuzi kilichotengenezwa na kampuni moja hutii kidhibiti kilichotengenezwa na kampuni nyingine.

Sarufi ya Ujumbe

Umeme unaopita katika reli ya kidijitali hubadili mwelekeo wake maelfu ya mara kwa sekunde. Muda unaopita kati ya badiliko moja na jingine ndio unaobeba maana. Ikiwa kila nusu ya pigo ina urefu wa sehemu 58 za milioni za sekunde, king'amuzi husoma 1. Ikiwa kila nusu ina urefu wa sehemu 100 za milioni au zaidi, husoma 0. Kutokana na alama hizo mbili, zinazoitwa biti, ujumbe mzima huundwa.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hatapata taabu kuuelewa muundo wa ujumbe huo, kwa sababu unafanana na muundo wa kitenzi chetu. Katika neno "litasimama", kiambishi "li-" hutangulia na kuonyesha nani anayehusika, yaani garimoshi, wala si kiti au mtu. Hufuata "-ta-" ya wakati, kisha mzizi unaobeba tendo, na mwishowe irabu ya kufungia. Kila kipashio kina mahali pake, na kikihamishwa neno huharibika. Ujumbe wa reli nao huanza kwa mfululizo wa biti 1 zisizopungua 14, ambazo ni kama kubisha hodi. Kisha huja anwani, ambayo ni namba ya kichwa kinachosemeshwa. Baada ya anwani huja amri, na baada ya amri huja hakikisho. Baina ya sehemu hizi huwekwa biti 0 ya kutenganisha, na mwisho kabisa biti 1 ya kufunga.

Tuchukue mfano. Ving'amuzi vipya hutoka kiwandani vikiwa na anwani namba 3, inayoandikwa 00000011. Amri ya kwenda mbele kwa mwendo fulani inaweza kuandikwa 01101000. Hakikisho hupatikana kwa kuzilinganisha baiti hizo mbili biti kwa biti: zinapofanana huandikwa 0, na zinapotofautiana huandikwa 1. Matokeo yake ni 01101011. King'amuzi kikipokea ujumbe hukifanya tena kilinganisho hicho chenyewe. Matokeo yakipatana, amri hutekelezwa. Yasipopatana, ujumbe mzima hutupwa. Msemaji wa Kiswahili akisikia "garimoshi kitasimama" hutambua mara moja kwamba upatanisho wa kisarufi umevunjika, lakini humsamehe msemaji na kukisia alichokusudia. King'amuzi hakikisii. Husubiri tu kuambiwa tena, na hakisubiri sana, kwa kuwa ujumbe mfupi kama huu huchukua takriban sehemu 6 za elfu za sekunde, na kidhibiti huurudia rudia bila kuchoka.

Kila king'amuzi kilicho juu ya reli husikia kila ujumbe, lakini hutii ule tu wenye anwani yake. Hivyo vichwa vitatu vinaweza kukaa juu ya reli moja, kimoja kikipanda mlima, kingine kikirudi nyuma, na cha tatu kikiwa kimesimama na taa zake zikiwaka.

King'amuzi na Nyaya Zake

Ndani ya king'amuzi mna kazi nne. Kwanza, umeme wa reli unaobadilika badilika hunyooshwa uwe wa mkondo mmoja. Pili, chipu husoma mapigo na kuyafasiri. Tatu, swichi ndogo za kielektroniki hupeleka umeme katika mota kwa vipande vifupi vifupi. Vipande vikiwa virefu, mota huenda kasi. Vikiwa vifupi, huenda polepole. Nne, katika king'amuzi chenye sauti, chipu huzisoma sauti zilizohifadhiwa katika kumbukumbu na kuzipeleka kwenye kipaza cha ndani na hatimaye kwenye spika.

Kufunga king'amuzi ni kazi inayoweza kufanywa na fundi yeyote wa simu au redio aliyezoea kulehemu vitu vidogo. Rangi za nyaya zimewekwa na kiwango cha pamoja. Waya mwekundu huenda kwenye reli ya kulia na mweusi kwenye reli ya kushoto. Wa rangi ya machungwa na wa kijivu huenda kwenye ncha mbili za mota. Mweupe ni wa taa ya mbele na wa njano ni wa taa ya nyuma, na waya wa bluu ni wa pamoja unaorudisha umeme wa taa zote. Spika huwa na nyaya zake mbili.

Kosa linaloharibu ving'amuzi vingi ni moja, nalo hutokana na urithi wa mfumo wa zamani. Katika vichwa vingi vya kale, upande mmoja wa mota uligusana na mwili wa chuma wa kichwa, na mwili huo uliunganishwa na magurudumu. Katika mfumo wa zamani hilo halikuwa na madhara. Katika mfumo wa kidijitali, umeme wa reli ukifika kwenye mota bila kupitia king'amuzi, utaingia katika king'amuzi kwa mlango wa kutokea, na kifaa kitaungua papo hapo. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha chochote, fundi hutenga mota na mwili wa kichwa, kisha hutumia mita kuhakikisha kwamba hakuna njia ya umeme kati ya ncha yoyote ya mota na gurudumu lolote. Hapa ndipo usahihi wa lugha unapokuwa na gharama. Maelezo yakisema tu "unganisha mota na umeme", msomaji atafuata alichoambiwa na kupoteza kifaa. Maelezo yanapaswa kusema kwamba mota huunganishwa na king'amuzi pekee, na king'amuzi ndicho huunganishwa na reli.

Baada ya kufunga, kichwa hujaribiwa kwanza juu ya kipande cha reli kilichotengwa, kinachopewa umeme kidogo ili kosa likiwapo lisiteketeze kitu. Hapo ndipo king'amuzi hupewa mipangilio yake. Mipangilio hiyo huhifadhiwa katika visanduku vya kumbukumbu vyenye namba. Kisanduku namba 1 hubeba anwani. Namba 2 hubeba nguvu ya kuanzia mwendo. Namba 3 huamua treni ichukue muda gani kuongeza kasi, na namba 4 ichukue muda gani kusimama. Kwa namba hizi mbili za mwisho, kichwa cha gramu mia chache huanza kujiendesha kama kitu cha tani nyingi, kisichoruka wala kusimama ghafla.

Jambo la mwisho la kiufundi ni usafi. Vumbi likikaa kwenye reli au magurudumu, umeme hukatika kwa kitambo kidogo sana. Mota huweza kuvuka pengo hilo kwa mzunguko wake, lakini sauti hukatika na kuanza upya, na msikilizaji hulitambua mara moja. Mafundi wengi huongeza kapasita inayohifadhi umeme wa kuvukia mapengo hayo. Spika nayo hufungwa ndani ya kijisanduku kisichopitisha hewa, kwa sababu spika ndogo iliyoachwa wazi hutoa sauti nyembamba isiyo na kifua.

Sauti kama Tanakali

Watoto wa vijiji vingi vya Kenya, Ruiri ikiwa mojawapo, huunda magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko vya chupa au ndala kuukuu, na kuyaendesha kwa usukani mrefu. Gari la waya halina injini, lakini halikosi sauti, maana dereva huitoa kwa kinywa chake. Anayesikiliza kwa makini atagundua kwamba sauti hiyo haitolewi ovyo. Gari likipanda kilima, sauti hushuka na kuwa nzito. Dereva akibadilisha gia, hukata sauti na kuianza upya. Likiteremka, sauti hulegea. Mtoto anajua kwamba sauti husema kazi ambayo gari inafanya.

Kiswahili nacho kinalijua jambo hilo kwa njia ya tanakali za sauti. Mtu huanguka majini chubwi, huanguka mavumbini tifu, na huanguka matopeni tapwi. Tendo ni lile lile la kuanguka, lakini tanakali hubadilika kulingana na mahali mwili unapofikia. Aliyesikia "chubwi" hahitaji kuambiwa kwamba palikuwa na maji. Anayebadilisha tanakali hizo hajakosea mapambo ya sentensi, amekosea habari.

King'amuzi kizuri cha sauti kinafuata kanuni hiyo hiyo. Hakichezi rekodi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho kama kaseti. Kina vipande vingi vya sauti, na huchagua kipi kitolewe kwa kutazama mwendo wa magurudumu na uzito unaoisumbua mota. Katika kichwa cha mvuke chenye silinda mbili, mvuke uliotumika hutoka kwa pumzi nne katika kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Sauti imefungwa na gurudumu. Gurudumu likisimama, pumzi husimama. Katika kichwa cha dizeli mambo ni tofauti. Injini huzungusha jenereta, na jenereta hupeleka umeme kwenye mota za magurudumu. Kwa hiyo injini hunguruma kwa ngazi, na ngurumo hupanda kabla treni haijaanza kusogea. Fundi akitia sauti ya dizeli inayokwenda sawia na gurudumu kama ya mvuke, masikio ya aliyewahi kusimama kando ya reli yatakataa, hata kama mwenyewe hawezi kusema kosa liko wapi.

Mfano wa Garratt

Kenya ina mfano unaoonyesha ugumu wa kazi hii kuliko mwingine wowote. Mwaka 1955 na 1956, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 vya daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza. Vilikuwa vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt, vyenye uzito wa takriban tani 250 na urefu wa zaidi ya mita 31, na ndivyo vilivyokuwa na nguvu kuliko vichwa vyote vya mvuke duniani vilivyopita katika reli ya upana wa mita 1. Vilichoma mafuta mazito badala ya makaa, na vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kimojawapo kiliitwa kwa jina la Mlima Kenya. Hivyo mlima unaoonekana kutoka Ruiri ulipita katika reli kwa jina, ingawa reli haikufika Ruiri.

Garratt ni kichwa chenye birika moja kubwa katikati na injini mbili, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja ikiwa na silinda mbili na magurudumu yake. Injini hizo hupata mvuke kutoka birika moja, lakini magurudumu yake hayakuunganishwa. Kila injini hutoa pumzi zake nne kwa mzunguko. Kwa kuwa gurudumu moja huweza kuteleza kidogo au kulika kuliko jingine, pumzi za injini mbili haziendi pamoja siku zote. Mara hulingana, zikasikika kama pumzi nne zenye nguvu. Mara huachana, zikasikika kama pumzi nane nyepesi. Kisha hurudiana tena. Magurudumu ya daraja la 59 yalikuwa na kipenyo cha mita 1.37, ambayo ni sawa na mzingo wa mita 4.3. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kila injini ilitoa pumzi mbili na nusu hivi kwa sekunde. Kwa kilomita 40 kwa saa, ilitoa zaidi ya pumzi 10. Mtu aliyeishi kando ya reli aliweza kujua kwa masikio kama treni imelemewa, imepata nafuu, au inateleza.

Kwa kipimo cha 1 kwa 87, Garratt hii ingekuwa na urefu wa sentimita 36 hivi. Ndani yake mna nafasi ya kutosha ya king'amuzi na hata spika mbili, moja kila upande. Lakini akitiwa sauti ya kichwa cha mvuke cha kawaida kutoka Ulaya, mnyama huyu atapumua kwa mapafu ya mwingine. Pumzi zitakuwa nne tu, zilizonyooka, zisizoachana wala kurudiana. Atakayelisikia bila kuwahi kuisikia Garratt ataamini kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Suluhisho la kiufundi lipo: king'amuzi hupewa mifululizo miwili ya pumzi inayotofautiana mwendo kwa kiasi kidogo sana. Kinachokosekana ni rekodi nzuri za kutilia.

Kazi Inayowangoja Wanafasihi

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, vichwa vya daraja la 59 vilikuwa vimeondolewa kazini. Shirika lenyewe lilikuwa limegawanyika baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, vimehifadhiwa vichwa viwili vya daraja hilo. Kimojawapo, namba 5918 kiitwacho Mount Gelai, kilitengenezwa upya mwaka 2001 kikaweza tena kwenda kwa nguvu zake. Kile ambacho kinasa sauti kilipata kukinasa tangu hapo ni hazina. Kile ambacho hakikunaswa kabla ya hapo kimebaki katika masikio ya watu ambao sasa ni wazee.

Jambo hili halipaswi kumshangaza mwanafunzi wa fasihi simulizi. Amefundishwa kwamba utendaji ukikosa kurekodiwa hufa na mtendaji. Amefundishwa kwenda nyanjani, kumwomba msimulizi ruhusa, kuandika mahali na tarehe, na kunasa mazingira pamoja na maneno. Mbinu hizo hizo zinafaa kwa mashine. Dizeli za daraja la 93, zilizoingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1970, nazo zina sauti zake, na hakuna kichwa cha treni kinachodumu milele. Anayekwenda Nanyuki, Voi au Nakuru kukusanya masimulizi anaweza pia kunasa kichwa kikiwashwa, kikisubiri, kikiondoka na mzigo, na kikifunga breki, kila tendo kwa faili yake, maana king'amuzi huhitaji vipande vilivyotenganishwa.

Pamoja na sauti ya mashine, kuna sauti ya watu. Madereva na wapiga moto wastaafu wana maneno yao ya kuelezea pumzi iliyojaa, pumzi iliyokatika, gurudumu linaloteleza na birika lenye kiu. Kamusi zetu hazijayapokea maneno mengi ya aina hiyo. Mtafiti akimchezea mzee rekodi na kumwuliza "hapa inafanya nini?", atapata maelezo ambayo yataifaa kamusi na yatamfaa fundi wa treni ya mfano kwa wakati mmoja. Fundi atajua pumzi ipi iwekwe mlimani na ipi iwekwe tambarare. Mwanaisimu atapata tanakali na istilahi kutoka kwa wenyewe, badala ya kuzibuni mezani.

Hitimisho

Udhibiti wa kidijitali wa treni za mfano umejengwa juu ya wazo rahisi, la kutenganisha nguvu na amri ilhali vyote viwili vinapita katika reli zile zile. Amri hutumwa kwa ujumbe wenye anwani, tendo na hakikisho, na king'amuzi kilichofungwa kwa usahihi huutii. Maneno ya kuyaeleza hayo yamo katika Kiswahili, mengi yakiwa yamekwisha kuzoeleka kwa watumiaji wa televisheni na simu. Kazi ya kutafsiri miongozo ya ufundi wa aina hii inaweza kuanza hata leo katika idara zetu.

Sauti ni jambo gumu zaidi, kwa sababu haitafsiriki. Ngurumo ya kichwa cha Ujerumani haigeuki kuwa ya kichwa cha Kenya kwa kubadilishiwa jina. Kijana wa Ruiri akiamua kuunda treni itakayopita siku moja kati ya Isiolo na Lamu, au ile iliyopita zamani kati ya Mombasa na Nairobi, ataweza kuagiza mota, chipu na spika kutoka ng'ambo. Sauti yake itabidi ipatikane hapa nchini, na itapatikana ikiwa kuna aliyetoka na kinasa sauti kuitafuta wakati ilipokuwa bado inasikika.